Sharti Lilikuwa Moja, Mama Asiione

Wazungu waliipenda. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililokuwa likiniudhi. Katika kumbi ndogo za katikati ya London filamu yetu ilipigiwa makofi, watu wakafuta machozi, wakanywa mvinyo wao, kisha wakatuuliza kama na kwetu mambo haya yapo. Yapo, niliwajibu, yanakaa Ilford, mashariki mwa mji huu huu.

Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea ukingoni. Rafiki yangu, binti wa Kipunjabi wa Southall aliyezaliwa Nairobi, ndiye aliyeitengeneza, kwa kamera ya kuazima na kwa likizo zake za kazini. Mimi Muunguja, karani wa ofisi ya nyumba za manispaa, kazi yangu ilikuwa kuandika tafsiri ya Kiingereza chini ya picha na, baadaye, kutafuta mahali pa kuionyesha. Kwa miaka mitatu aliwafuata wanaume wawili wanaopendana: dereva wa basi, mtu wa Pemba, na Mkongo aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwalea. Walikaa flati moja. Hakuna jambo kubwa ndani ya filamu ile. Wanapika, wanabishana kuhusu ugali na wali, mmoja anaumwa, mwenzake anamuuguza. Niliitazama mara nyingi hata nikajua Mkongo atakohoa wapi.

Nilichotaka mimi ni watu wetu waione. Nilikuwa nimechoka kusifiwa na watu wasiojua hata sauti ya mwiko kwenye sufuria. Tukaenda kumwomba dereva ruhusa, jikoni kwake.

"Dada, mimi sikatai," aliniambia. "Lakini waje wachache, unaowajua wewe. Na mama asiione, please. Mama nitamwambia mwenyewe, siku yangu."

Mama yake alikuwa akiishi mwendo wa dakika chache tu kwa basi kutoka hapo, nyumbani kwa ndugu yake. Huyo Mkongo, mama alimjua kama mpangaji mwenza wa mwanawe, na kila Idi alimtilia bakuli lake la biriani mbali. Siku hiyo ya dereva ilikuwa inaahirishwa mwaka wa tisa sasa. Tulimpa ahadi.

Nikakodi ukumbi mdogo wa mtaa, Jumapili saa tisa mchana, nikaandika majina kumi na mawili. La nne lilikuwa la bibi mmoja wa Kizanzibari, nesi mstaafu, mtu wa moyo mpana. Nikampigia simu: "Bibi, Jumapili tuna filamu yetu. Nakualika, usikose."

Ndivyo nilivyosema, mjinga mimi. Nimekulia London, nimezoea kwamba ukimwalika mtu umemwalika yeye. Kwetu mtu mzima haalikwi peke yake. Akialikwa yeye wamealikwa wa nyumbani kwake, na jirani, na yeyote aliyekuwa amekaa kwake simu ilipolia. Na zama zile Jumapili, ukumbi na filamu maana yake ilikuwa moja tu: kaseti ya harusi imefika kutoka nyumbani. Yule bibi hakutaka nipate aibu ya viti vitupu. Akanisaidia kualika.

Wakaja. Wakaja na mabuibui yao, na udi, na mabakuli ya plastiki yaliyofungwa kwa vitambaa. Nilikuwa bado nasogeza viti nilipomwona mama yake dereva anaingia na sinia la sambusa. Vipeperushi vyenye picha ya mwanawe na Mkongo, shavu kwa shavu, vilikuwa mezani mlangoni. Hakuchukua kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa. Kwa kuwa ndiye mkubwa, wakampisha mbele kabisa, kiti cha katikati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bi harusi mwenyewe ni wa nani?"

Nilichojibu sikikumbuki. Nilikimbilia mlangoni, na hapo hapo dereva akaingia na sare yake ya kazi, Mkongo nyuma yake. Alimwona mama yake, akasimama.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nitasema mashine imeharibika. Nitawarudisha wote."

Alitazama vile vipeperushi. Vingine vilikuwa tayari mikononi mwa watu, na wanawake wawili walishaanza kunong'onezana.

"Akitoka hapa hajaona, atasikia kwa hao," alisema. Alipangusa uso kwa kiganja. "Washa, dada."

Nikawasha. Watu wanne waliondoka mapema, mmoja anavuta tasbihi kwa hasira. Wengine walibaki, nadhani zaidi kwa sababu mkubwa wao alikuwa bado amekaa. Yeye hakutikisika. Nilimwona kisogo tu. Wale wanaume wawili wakagombania mwiko kwenye skrini, mtu nyuma akacheka bila kutaka, akanyamaza. Kisha ikaja hospitali: dereva amelazwa baada ya kupasuliwa tumbo, Mkongo anampoza uji kwa kijiko. Kisha ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama akasimama, akajitanda mtandio wake vizuri, akanitazama mimi kwanza.

"We ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Waingereza wote wanajua mwanangu kapasuliwa. Miye nimekuja kujulia hapa, na sambusa zangu."

Katika yote tuliyoyaogopa, hilo hatukuwa tumelifikiria hata mara moja. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka uso unanichoma.

"Mama," dereva alianza. Mama yake akamnyamazisha kwa mkono bila kumtazama. Akamgeukia Mkongo, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta na koti lake mkononi.

"Siku ile, alipoamka. Alilia?"

Mkongo alimtazama mwenzake kama anayeomba ruhusa. Dereva aliinamisha kichwa.

"Alilia, mama. Ni weye alikuwa anaita."

Yule bibi nesi alikuwa ameshamshikia mkoba, yuko tayari kumsindikiza nje. Wanawake wengine nao waliinuka. Mama akakaa tena kwenye kiti chake.

"Hebu nirudishie pale hospitali," akaniambia. "Nilikuwa nimefumba macho."