Sikio wa Mashine ya Kuvuta

Kiwandani walimwita Sikio, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuvunja vitu, kazi ambayo mtoto yeyote angeifanya bure. Alichukua kipande cha plastiki iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo, chembamba katikati na kipana ncha zote mbili, akakibana juu na chini, na mashine ikakivuta mpaka kikatike. Plastiki hiyo ndiyo waliyotengenezea mapangaboi ya feni za darini, na pangaboi likikatika juu ya vichwa vya watu, hakuna anayecheka.

Sasa, plastiki ya namna hii haifi kimyakimya. Kabla ya kukatika, nyuzi za kioo huanza kuachia mojamoja, na hutoa mlio mdogo, kama chumvi iliyoangukia motoni. Hapo Sikio alinyanyua kidole, na mwenzake, dada wa kompyuta, akaandika nguvu iliyofikiwa. Chombo cha kunasa mlio huo kiliharibika zamani na wakubwa hawakununua kingine. Cha nini, wakati wanaye Sikio?

Walikuwa wakijidanganya. Masikio yake yalikwisha kuliwa na kelele za msumeno wa kukatia vipande. Kwanza aliukosa ule mlio, kisha sauti za wajukuu, kisha nusu ya maneno ya watu. Hakumwambia mtu. Ameitwa Sikio nusu ya maisha yake, leo aseme ni kiziwi? Akabuni njia: aling'ata kijiti cha mbao, ncha ya pili akaigusisha kwenye nguzo ya mashine, na mlio ukampandia kwenye meno. Wenzake aliwaambia anatuliza hamu ya sigara.

"Kaka, hicho kijiti utakuja kukimeza," dada wa kompyuta alimtania.

"Eti?"

Akarudia kwa sauti kubwa.

"Basi nikikimeza, mashine utaivuta mwenyewe," alisema Sikio, na wote wakacheka.

Lakini mkewe hakuwa mashine. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemla sauti ikabaki mnong'ono tu, na midomo ilimvimba hata haikufunguka vizuri. Daktari alisema kesho wanamfanyia upasuaji, na baada ya hapo hatatoa sauti tena. Sikio aliomba ruhusa kazini akaenda hospitali moja kwa moja, vumbi la kioo likimwasha mikononi.

Shemeji yake alimpokea mlangoni mwa wodi. Yule mama husema kwa kupayuka, na siku hiyo Sikio alimshukuru Mungu kwa hilo.

"Shemeji, anakungoja wewe tangu asubuhi. Sisi hataki kutuambia. Anasema ni neno lenu wawili."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mkewe akamshika shati. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema: mke wangu, sisikii, niandikie. Aliogopa. Miaka yote alimwitikia "sawa" na "haya", na mama wa watu akaamini ameolewa na mume mpole. Atamwambiaje leo kwamba nusu ya maongezi yao yalipita hewani?

Kijiti alikiacha kwenye koti la kazi. Akainama, akaegemeza taya kwenye mfupa wa bega la mkewe, akakaza meno na kungoja kama alivyozoea kungoja pale mashineni. Mtetemo ukaja. Ulimgonga menoni, mara mfupi, mara mrefu, ukasita, ukarudi kidogo, ukanyamaza. Mlio aliupata wote. Neno hakupata hata moja.

"Nimesikia, mke wangu," alisema.

Mkewe hakufumba macho wala hakutabasamu. Alimtazama, akaendelea kumtazama, kisha polepole akaliachia shati. Ndipo Sikio alipojua kwamba alikuwa ameulizwa swali.