Aliyekokota Baiskeli

Yule bwana aliyekuwa akipeleka habari za misiba kwa baiskeli hapa Bagamoyo amefariki. Nimezipata habari zake siku ya nne, tena sokoni, watu wachache walipokwisha kumzika. Kabla yake, mtu akifa alfajiri, jamaa zake wa kijiji cha jirani cha Kaole walikuta kaburi limeshafukiwa. Yeye ndiye aliyetuwezesha kuwahi kuzikana, nasi tukamlipa kwa kumwogopa. Desturi ilikuwa kwamba mwenye habari ya kifo haingii kijijini akiwa juu ya baiskeli. Hushuka mbali, akaikokota kimya. Tukimwona amepanda, tulipumua. Tukimwona anakokota, kila mwenye mlango aliomba apitilize.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya pili vya dunia alikwenda Kaole kuposa, nami nikakaa nyuma kwenye keria, maana aliniomba nimsemee. Tairi likapasuka mchangani. Tukashuka, tukakokota, na wala hatukuikumbuka ile desturi, jamani! Mama wa binti alikuwa na mwana aliyefanya kazi shamba la mkonge, Tanga. Alipotuona tu akaanguka uani, "Mwanangu! Mwanangu!" na majirani wakakipokea kilio.

"Mama, hakuna msiba," alisema mwenzangu, jasho likimtoka. "Ni tairi tu."

Baba mtu alitupa maji, akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Wanangu, sina ubaya nanyi," akasema. "Lakini posa iliyoingia na kilio siipokei. Rudini salama."

Haikupita nusu mwezi, yule kijana wa mkonge akafa kweli, na aliyetumwa kupeleka habari ni huyu huyu. Tangu hapo watu wakasema ana mkosi. Hakuoa maisha yake yote.

Siku hizi mji umejaa baiskeli. Vijana wanazipamba, wanapigiana kengele, wanaposa nazo bila wasiwasi. Sisi wa rika letu tukiona mtu anakokota, moyo bado unashtuka.

Mwezi uliopita alikuja kwangu, amepanda, anapiga kengele tangu mbali ili nisihofu. Hata hivyo nilisimama mlangoni nikauliza, "Nani kafa?"

"Hakuna mtu, ndugu yangu. Nimepita kukujulia hali."

Alikuwa amekonda, anakohoa. Nilimwona, na sikumkaribisha kukaa. Alipoondoka nilimshukuru Mungu. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndiyo kweli. Anayetuletea habari za wafu naye ni mtu, na miaka ishirini sikumuuliza hata mara moja yeye mwenyewe yu hali gani.