Yusto hakurogwa

Akili yangu bado inagoma. Jumanne tulikuwa tunabishana staff room nani kamaliza maziwa ya chai, Ijumaa napigiwa simu kwamba Yusto hatunaye.

Kwa msiomjua: Mwalimu Yusto, wa Biolojia, shuleni kwetu Makambako. Mzaliwa wa Lupingu, kule ziwani Ludewa. Kofia ya sufu mwaka mzima, chupa ya maji mkononi hata akiwa anaandika ubaoni. Ukimcheka anakwambia, "Madam, mimi na baridi hatuna utani."

Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na hakumficha mtu. Siku anaripoti alisimama mbele ya wanafunzi akataja jina lake, somo lake na ugonjwa wake, kwa mpangilio huo. Mkuu wa shule akakohoa.

Maumivu yakimbana alikuwa anaimba nyimbo za kwaya. Sauti mbaya sana, jamani. Ukisikia besi inapotea huko maabara unajua leo Yusto hayuko sawa, unampelekea maji ya moto.

Period yake ya protini wanafunzi hawataisahau. Aliwapeleka Form Three kwenye vichaka nyuma ya shule, nusu yao wakarudi sweta zimejaa mbegu za kishona nguo. Akawaambia wote wapite kwenye mlango mwembamba wa maabara. Wenye sweta safi wakapita vizuri. Wale wengine wakanasana sweta kwa sweta, foleni ikakwama.

"Hiyo ndiyo himoglobini yangu," akawaambia. "Ni protini inayobeba oksijeni. Ya kwenu ikishusha mzigo, kila moja inaenda zake. Ya kwangu imebadilika sehemu moja ndogo tu, na hapo ndipo inapomnasa mwenzake. Zinajipanga kama kamba, chembe ya damu inapinda kama mundu, inakwama kwenye mshipa mdogo. Mwili unalia kule ambako oksijeni haikufika."

Binti mmoja akauliza, "Sasa Ticha, nani alikuwekea?"

"Baba nusu, mama nusu. Wote wazima, hawakujua kama wanabeba. Hakuna mchawi mwenye mkono mdogo wa kufika huko."

Mnajua kwetu kabla ya kuzika unasomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, kasoma wapi, kaacha nani. Ikifika kwenye ugonjwa tunameza maneno: "aliugua kwa muda mfupi." Yusto alikuwa na hasira na sentensi hiyo. Aliniambia, "Nikitangulia, wasifu utasoma wewe. Na hiyo usiisome." Nikamjibu atanizika yeye.

Mwezi huu wa saba baridi imetupiga sana. Kifua kikambana. Chembe zilinasana kwenye mapafu safari hii. Hospitali walimpa oksijeni, wakamwongezea damu, walipambana kweli. Imeniuma na inaniuma.

Tukamshusha mpaka Lupingu. Msibani wakaanza kunong'ona kwamba karogwa na walimu wenzake wa Makambako, wivu wa cheo. Na mwalimu wa Makambako aliyekaa pale mkekani ni mimi. Nilikula ugali wa msiba nikiwa mtuhumiwa.

Baba yake mdogo akaniletea karatasi ya wasifu, maana Yusto alishawaambia nitasoma mimi. Kama kawaida: aliugua kwa muda mfupi. Nikamwambia, baba, hiyo siisomi.

"Mwalimu, tuna mabinti," akasema kwa upole tu. "Neema wangu ana mchumba, posa tumepokea. Ukitaja damu mbele za watu, nani ataoa kwetu?"

"Baba, ndiyo maana. Wapime kabla. Kubeba nusu siyo ugonjwa. Shida ni wawili wanaobeba wakikutana bila kujua."

Mama yake Yusto, ambaye tangu tufike hakuwa ameongea, ndiye aliyejibu.

"Nilizika watoto wawili kabla ya huyu. Nikaambiwa mkono wa wifi yangu uko humo. Mpaka leo hatusalimiani." Akaniangalia. "Soma, mwanangu."

Nikasoma. Nilisema selimundu kwa sauti yangu ya darasani. Nikasema ni protini zinazonasana ndani ya damu, kwamba alizaliwa hivyo, kwamba wazazi wote wawili walimpa bila kujua na hakuna aliyemkosea. Hakuna wa Makambako, hakuna wa Lupingu.

Mama akainuka, akapita katikati ya wanawake hadi alipokaa shangazi yake Yusto, yule wifi, akaketi kando yake. Shangazi akasogea kumpa nafasi.

Neema na mchumba wake wameshapima. Majibu ni yao, msiniulize inbox. Ninyi mnaochumbiana, mpime. Wanaougua wanaishi, wanasoma, wanafundisha, wakipata dawa na kliniki. Na anayewaambia mtoto wenu karogwa, mwambieni Mwalimu Yusto kashajibu swali hilo.

Kaka, jana nimempigia mama yako kumjulia hali. Kasema hawezi kuongea sana, yuko jikoni kwa wifi yake wanapika.

Basi lala, Yusto. Lala pasipo maumivu.