Neno Nililoandika Juu ya Bahasha

Tulikuwa tumefundishwa kwamba mgonjwa akipatikana na virusi vya ukimwi, hata kama ameletwa urgences, kitengo cha dharura, kwa jambo jingine kabisa, aanze dawa siku hiyo hiyo. Asitumwe nyumbani kwenda kufikiria. Nilikubali kwa moyo wote, maana nilichoshwa na watu tuliowaambia "rudi lundi," yaani Jumatatu, wakarudi wamebebwa, au wasirudi kabisa. Mimi ni muuguzi wa urgences hapa Bukavu, mwanamke nisiye na subira.

Mwanamke mmoja aliletwa asubuhi kutoka Cimpunda, amekaushwa na kuhara. Mume wake alikuwa Kamituga akichimba dhahabu, miezi mingi hajaonekana. Aliyemleta ni wifi yake, mama mwenye sauti kubwa na roho nzuri, aliyeishi naye nyumba moja. Nilimtuma wifi akatafute maji ya moto, nikapima damu. Majibu yalipotoka nilimweleza mgonjwa kwa sauti ya chini. Hakulia. Alikubali dawa kabla sijamaliza kueleza, kisha akanishika mkono.

"Maman, usiandike jina ya dawa. Belle-sœur yangu, mwenye alinileta, anajua kusoma. Akijua, nitaenda wapi?"

Kwetu mgonjwa hashiki dawa yake. Anayeishika ni garde-malade, yule ndugu anayelala naye hospitali, anayempikia, anayemfulia, anayejibu maswali ya daktari kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Hata wakirudi nyumbani, ni yeye anayetoa vidonge. Nilijua hayo yote. Mshauri aliyekuwa akikaa na wagonjwa wapya na kuongea nao taratibu hakuwepo tena, mradi wake ulikuwa umefungwa. Basi nikamaliza kazi mwenyewe, mbiombio, huku vitanda vingine vikiniita. Nilitoa vidonge vya mwezi mzima kwenye kopo lake, nikavitia katika bahasha ya karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: VITAMINE. Kimoja kila siku.

Nilijiona mjanja. Kidonge cha kwanza alikimeza mbele yangu hata adhuhuri haijafika, na nilimringia daktari kwa jambo hilo.

Siku chache baadaye aliruhusiwa kwenda nyumbani. Tarehe ya kurudi ilifika, ikapita, hakuonekana. Wiki kadhaa zikaisha ndipo wifi alipomleta tena, safari hii hawezi hata kukaa. Nilimuuliza wifi kuhusu zile dawa. Akatabasamu.

"Ile vitamine, maman, ilimusaidia sana! Siku kidogo tu akaanza kukula bugali. Tukaona inatosha. Yenye ilibakia tulipatia batoto, bo pia banakonda."

Nilimwambia aache mara moja, ile si ya watoto, awalete leo leo tuwaangalie, na sikuweza kumwambia kwa nini. Alishangaa. Vitamini ina ubaya gani? Nilimkaripia mbele ya watu, yeye aliyemfulia mgonjwa mashuka kwa mikono yake, na wa kukaripiwa nilikuwa mimi.

Tulimwanzishia dawa upya, pamoja na nyingine nyingi, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Alikufa siku ya tatu. Kabla ya hapo, wifi alipotoka kwenda kuteka maji, niliinama kitandani nikamuuliza, kwa hasira ninayoionea aibu mpaka leo, kwa nini alinyamaza vidonge vyake vikigawiwa mbele ya macho yake, na yeye alijua ni dawa gani. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ningesema nini, maman? Mutu mukubwa, nigombane na batoto juu ya vitamine?"