Bakuli la Jirani

Siku aliyohamia fleti iliyo jirani na yangu, hapa Peckham, London, yule binti wa Kijapani alinigongea mlango akanipa taulo. Kitaulo kidogo cha mkono, kimefungwa vizuri kwa karatasi. Akainama, akasema ndiye jirani mpya na anaomba radhi mapema kwa kelele zake. Nikashukuru, nikafunga mlango, nikakinusa kile kitaulo, halafu nikajinusa na mimi mwenyewe. Mtu hamjajuana anakuletea taulo, wewe ungefikiri nini? Baadaye ndipo aliponieleza kwamba kwao anayehamia ndiye anayewapelekea majirani zawadi, na taulo ni zawadi ya kawaida tu.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kupitwa kwa ukarimu kunanikosesha usingizi. Nikampelekea vitumbua kwenye kopo la aiskrimu. Naye akaja na vibonge vya wali vilivyoviringishwa kwa mwani, ndani ya bakuli la bluu alilopewa na bibi yake. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ni aibu ambayo mama yangu asingemaliza kuisema. Nikalijaza pilau. Yeye naye, kwao mtu akipewa kitu lazima arudishe kitu, akaleta figili za siki. Nikatia maharage ya nazi. Akatia samaki. Bakuli likawa linatembea kuliko sisi wenyewe.

Katika kwenda na kurudi huko tukazoeana. Alianza kuniita Mama kwa kuwasikia Watanzania wenzangu wakiniita hivyo, na mimi nikamfundisha kubisha hodi. Mengine yote tulizungumza kwa Kiingereza, kila mtu na chake. Kumbe alikuwa mwandishi wa riwaya. Sikuamini, maana alikuwa mdogo, mkimya, na hajawahi kuniomba hata chumvi. Alizaliwa mji mdogo wenye mvua nyingi, baba yake fundi wa kushona mikeka ya sakafuni. Akaajiriwa benki, na riwaya yake ya kwanza aliiandika kwenye simu, kwa kidole gumba, amesimama ndani ya treni ya kwenda kazini. Akaipeleka kwenye shindano la waandishi wapya la jarida moja, ikashinda, ikawa kitabu. Akaacha benki, akaja London kuandika cha pili, huku asubuhi akiosha vyombo kwenye mkahawa mmoja kule Stratford.

"Cha kwanza wanakusamehe," aliniambia. "Cha pili ndicho kinachosema kama wewe ni mwandishi."

Mhariri wake alimpa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Asipopeleka, nafasi yake anapewa mwingine, na baba yake alishazungumza na watu wa benki wamrudishe. Aliyasema hayo taratibu, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Sasa, ukuta wa kati yetu ni mwembamba. Mimi nafanya shifti za usiku hospitali, kwa hiyo mchana nalala, au najaribu. Alipohamia tu nilikuwa namsikia anavyochapa kwenye kompyuta, ta ta ta, ananyamaza, ta ta ta tena, nikazoea kulala nayo. Mchana mmoja wa mwezi wa nne nikaamshwa na kisu. Kisu kwenye ubao, mtu anakatakata. Kesho yake kisu. Wiki ile yote kisu, na maji, na mfuniko wa sufuria. Kuchapa hakuna.

Nikamkuta ngazini kabeba mifuko ya sokoni, macho mekundu. Nikamuuliza kitabu kinaendeleaje. Akatabasamu, akasema, "Ni kigumu kidogo." Nilishamjua. Yeye hasemi hapana wala hasemi nimeshindwa; akisema kigumu kidogo, jua nyumba inaungua. Nikachungulia mfuko: biringanya, mayai, tangawizi. Vyote vya bakuli, maana juzi yake nilikuwa nimempelekea biriani, na nilijitia kukoleza zafarani, sifa tu. Maskini wa Mungu, alikuwa anatafuta cha kulingana na biriani.

Binti yangu wa kumzaa, ninayeishi naye, akaniambia kwa Kiingereza chake, "Mama, si umwambie tu aache?" Kazaliwa London huyo. Unamwambiaje mtu aache kukupa? Ndiyo kumwambia chakula chake hukitaki.

Bakuli likaja na biringanya, tamu kweli. Tukala. Nikaliosha, nikalikausha, nikaliweka mezani. Mkono ukawa unaenda wenyewe kwenye gunia la mchele. Nikaurudisha. Nikavaa kandambili, nikaenda kumgongea, nikampa bakuli tupu, nikasema ahsante, nikarudi kwangu mbio kama mwizi. Nilipogeuka mlangoni kwangu nikamwona analitazama ndani, akainama chini sana, akafunga mlango.

Nikajilaza kusubiri ta ta ta. Kimya. Hakuna kisu, hakuna kompyuta. Kesho yake vilevile, na tulipokutana kwenye lifti aliangalia viatu vyake mpaka chini. Niliumia, sifichi. Nilijiona nimemfukuza mtoto wa watu ambaye hana ndugu katika mji huu mzima.

Mwishowe nikasikia hodi. Kaja na kitaulo, kimefungwa kwa karatasi kama siku ya kwanza.

"Mama," akasema, "nimekukosea nini?"

Hapo nikapandwa na hasira, zile za mapenzi. "Hujanikosea kitu, mwanangu. Ingia, kaa. Bakuli nimelirudisha tupu kwa makusudi, na unajua nimejisikiaje? Mama yangu akifufuka leo atanikana. Nimekurudishia mchana wako. Usinipikie tena mpaka umalize. Nataka nikusikie unachapa, nilale."

Akaingia, akakaa. Kisha akaifungua ile karatasi mwenyewe, akatoa kitaulo changu, akafutia machozi.

Mchana ule ule ta ta ta ikarudi. Sikumpelekea kitu tena, na kupika pilau huku harufu inapita chini ya mlango kwenda kwa jirani usiyempa ni adhabu, mjue. Nilikuwa nafungua dirisha hata baridi ikiwa kali. Mwezi wa tano ulipokaribia kuisha, kuchapa kukakoma. Akaniambia ngazini kwamba ameshatuma na mhariri anasoma. Hakuongeza neno. Siku zile nadhani nililala vibaya kuliko yeye, na kazini niliulizwa kama ninaumwa.

Jumapili moja mchana nipo jikoni, nikasikia hodi. Nikafungua. Alikuwa amelishika bakuli la bluu kwa mikono miwili, kalinyoosha mbele yangu. Nikachungulia. Halikuwa na kitu.

"Wamekichukua," akasema. "Mama, nina njaa."