Ulimi na Vidole

Ghalani walimwita Ulimi. Alikuwa mwonjaji wa kahawa, baba yetu mdogo, na katika mji ule wa maghala na reli iliyoota majani, kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya buni inayokaangwa namwona juu ghorofani, katika chumba chenye madirisha mapana, ameinamia meza ndefu iliyopangwa mabakuli meupe. Kila bakuli lilikuwa na kahawa ya gunia lake, iliyosagwa asubuhi hiyohiyo. Maji ya moto yakishamiminwa, unga ulipanda juu na kufanya utando. Aliupasua kwa kijiko, akanusa, kisha akavuta funda moja kwa kelele kama ya kitambaa kinachochanwa, akalizungusha kinywani na kulitema kwenye ndoo. Halafu alisema neno moja tu. Limau. Ukungu. Moshi. Neno hilo ndilo lililoamua kahawa ya mkulima fulani iende daraja gani.

Kumeza ilikuwa aibu. Ulimi wa mmezaji, walisema, hulewa kabla ya bakuli la kumi, na baada ya hapo kila gunia ni tamu. Mkaangaji, mtani wake wa siku zote, alipotaka kumtukana mtu bila kumtukana alimwita mmezaji, na chumba kizima kilicheka. Nyumbani baba mdogo hakugusa kahawa wala chai. Alikunywa maji ya moto matupu, huku mama mdogo akilalamika kwamba aliolewa na mwonjaji akaishia kuishi na mgonjwa wa tumbo.

Kisha vikaja vidole. Kwanza vilikuwa vikaidi asubuhi tu, mpaka jua lipande. Baadaye vifundo vikavimba, vikawa vyekundu na vya moto, na kufunga vifungo vya shati ikawa kazi ya mama mdogo. Hospitalini walisema ni baridi yabisi, ile ambayo mwili unajishambulia wenyewe. Daktari wa viungo, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimpa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Katika maswali yake aliuliza kama anakunywa kahawa. Baba mdogo alikaribia kukasirika. Akajibu kwamba hanywi hata tone, na moyoni mwake alikuwa anasema kweli tupu.

Vidonge vilisaidia, halafu vikawa kama vimechoka. Msimu wa mavuno ulipofika na meza ikajaa kutwa nzima, vidole viliwaka upya. Siku moja kijiko kilimponyoka mbele ya wanunuzi, kikamwaga bakuli. Mkuu wa ghala alimwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba ulimi wake haujazeeka, lakini hawezi kuajiri mtu wa kumlisha. Picha ya mifupa nayo ilikuwa na habari yake: kingo za viungo zilikuwa zimeanza kulika. Mfupa ukishalika, daktari alisema, haurudi.

Safari hiyo mama mdogo alikwenda naye. Daktari alirudia maswali yake, na kwenye swali la kahawa mumewe akajibu vilevile. Mama mdogo akacheka peke yake.

"Hanywi, daktari," alisema. "Anaogelea humo."

Akamweleza daktari habari za meza, mabakuli na ndoo. Akaongeza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitilia maanani: kwamba siku za kazi mumewe hukesha macho makavu kama bundi, na wakati wa likizo hulala kama gogo, vidole vikalainika. Wote walidhani ni mapumziko tu.

Daktari aliweka kalamu chini. Aliwaeleza kwamba tishu ikiumia, seli zake hutoa kitu kiitwacho adenosini. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zina vipokezi vyake, mfano wa vitasa mlangoni. Adenosini ikiingia kwenye kitasa na kuzunguka, askari wanaambiwa basi, inatosha, msije mkabomoa na nyumba yenyewe. Vidonge vile, kwa sehemu, hufanya kazi kwa kuiongeza adenosini hiyo. Sasa kile kilichomo kwenye kahawa, kafeini, kinafanana nayo umbo. Kinaingia kwenye tundu la kitasa, hakizungushi kitu, kinakaa tu, na ufunguo wa kweli unabaki nje.

"Lakini mimi natema," baba mdogo alisema.

"Kinywa nacho kinafyonza, baba. Na kwa mabakuli yote hayo, utaniapia hakuna funda linaloteleza?"

Baba mdogo akatazama dari. Daktari hakumficha kitu: wapo waliopima wakaona kahawa inaidhoofisha dawa ile, na wapo waliopima wasione lolote. Angeongeza kipimo cha dawa, na yeye ajaribu kukaa mbali na meza.

Wakarudi nyumbani. Walipofika mlangoni ndipo baba mdogo akauliza, bila ulimi yeye ni nani.

"Ni mtu asiyeweza kufunga vifungo vyake," mama mdogo alijibu, akatia ufunguo mlangoni.

Aliomba likizo. Wiki zikapita, na asubuhi moja alitoka chumbani shati limefungwa mpaka shingoni. Hakujisifu, naye mama mdogo akajifanya hakuona. Ni dozi mpya au ni kuiacha meza? Hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililomtafuna: kuacha kazi ya maisha kwa ajili ya labda. Mkaangaji alikuja kumbembeleza. Rudi, Ulimi, alimwambia, uwe unaonja nusu ya mabakuli tu, mengine tutabahatisha.

Baba mdogo aliinua viganja vyake, akavitazama pande zote mbili kama mtu anayekagua bidhaa.

"Gunia la mtu halibahatishwi," alisema. "Mtafuteni mwingine."

Kazi yake ikaishia hapo. Ghala lenyewe siku hizi ni mahali pa kuuzia vigae, na ule mlio wa kitambaa kinachochanwa sijausikia tena popote. Yeye aliishi miaka mingi baadaye. Jioni walipotembea na mama mdogo wakapita kwenye duka linalokaanga kahawa, alisimama njiani, akafumba macho, akanong'ona kwamba wamechelewa kuitoa motoni. Mama mdogo alimpa muda wake. Kisha alimshika mkono, akavibana vidole vile kwa nguvu zake zote bila kumtoa chozi, wakaendelea na safari.