Ukuta Usiogusa Paa

Nyumba yangu ilipokamilika, watu wa Nyamwaga walikuwa na uhakika kwamba ni kitu kingine. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka gulioni na mkungu wa ndizi kichwani alisimama njiani akaniuliza zahanati itafunguliwa lini. Kijana wa bodaboda aliniletea mgeni aliyetaka chumba chenye maji ya moto, akasema ameambiwa kuna loji mpya. Mzee mmoja, niliyempa shikamoo yake kwa heshima zote, aliizunguka nyumba nzima mikono ikiwa mgongoni, kisha akataka kujua kama dhehebu letu linabatiza kwa maji mengi au machache.

Sikuwalaumu. Paa lina mteremko mmoja tu, limeinuka upande mmoja kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno. Kati ya bati na bati nilipitisha ukanda wa kioo kutoka mwisho huu wa nyumba hadi mwisho ule, ili jua litembee sakafuni kutwa nzima. Matofali hayakupigwa plasta. Na ndani kulikuwa na jambo nililolionea fahari kuliko yote: hapakuwa na ukuta hata mmoja. Jiko, meza, vitabu na kitanda vilikuwa katika nafasi moja, vyote vinaonana.

Kwa miaka mingi nilikula kwa kuandika kuhusu vitu vya namna hii katika majarida ya mjini. Niliandika juu ya majengo nisiyowahi kuingia, taa zinazoning'inia katika hoteli ambazo walinzi wake wasingenipitisha getini, na magari ya maonyesho yanayofungua milango kwa juu kama kumbikumbi anayejiandaa kuruka. Mimi mwenyewe nilipanda basi. Chuo kikuu nilisomea fasihi. Kwenye ubunifu wa majengo na viti niliingia kama mtu aliyeingia msibani asimjue marehemu: nikakaa, nikasikiliza, na kufikia jioni nikawa nasimulia habari zake kwa kujiamini.

Nilipoamua kurudi nyumbani mke wangu alibaki mjini, na baadaye akabaki kabisa. Binti yetu ana maisha yake na simu yake, na simu hiyo hupatikana Jumapili. Kwa hiyo nilijichorea nyumba ya mtu mmoja. Kuta, niliandika wakati ule, kazi yake ni kuwatenga watu. Mimi sikuwa na wa kutengwa naye. Ilikuwa sentensi nzuri, na niliilipia kwa matofali.

Mama yangu anaishi, au tuseme alikuwa anaishi, ng'ambo ya uwanja, baada ya zizi la ng'ombe, katika nyumba aliyoletwa akiwa bibi arusi. Nilikuwa namwona kila siku. Asubuhi nilikwenda kumwamkia, akanipa uji, akaniuliza kama nimelala vizuri, nikasema vizuri, nikarudi kwangu. Siku iliyobaki ilikuwa yangu yote. Nilikuwa nimeanza kumjibu mtangazaji wa redio, tena kwa adabu.

Kisha mvua zilipoanza mama aliteleza kwenye kizingiti cha jiko lake akaumia nyonga. Muuguzi wa zahanati, dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Iringa na anayezungumza kana kwamba kuna mtoto amelala jirani, alimtazama, akampa dawa, akatuonya kwamba bibi asilale tena peke yake. Ndugu zangu walipiga simu kutoka huko waliko. Wote walisema jambo moja: ahamie kwenye lile jumba lako. Nikasema sawa, kwa ajili ya mama nitafanya lolote. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuliko mtu anavyopaswa kufurahi mama yake akiumia nyonga. Nilijiona tayari nikisoma upande huu na yeye akipukuchua mahindi upande ule, chini ya mwanga mmoja, na mtu akisema neno mwingine anaitikia.

Nilimleta alipoanza kutembea na fimbo. Nilimwonyesha sakafu isiyo na kizingiti. Nilimwonyesha jua lilivyolala sakafuni, maana macho yake yamepungua. Nilimwonyesha mahali kitanda chake kitakapokaa, karibu na dirisha.

"Na kile?" aliuliza, akielekeza fimbo.

"Kile ni changu, mama."

Alivuta kanga usoni, akageuka, akatoka nje kwa mwendo ambao muuguzi angeukataza. Nilimfuata hadi uwanjani.

"Mama, ni nafasi huru. Siku hizi watu wanajenga hivi."

"Watu gani?"

"Dunia nzima."

"Na mama zao wanalala wapi?"

Katika majarida yote niliyoyaandikia, nyumba zilipigwa picha bila mama wa mtu yeyote ndani yake.

Kwetu mzazi haoni kitanda cha mtoto wake aliyekwisha kuoa. Kama mke ameondoka, au hata kama hajawahi kufika, haibadilishi kitu. Hili nililijua kabla sijajua kusoma. Nikiwa mdogo niliwaona wajomba wakizunguka nyuma ya nyumba, kwenye umande, ili wasipite mbele ya mlango fulani. Wala sikulisahau wakati nachora. Nadhani wakati nachora nilikuwa nimeshazoea kuishi mahali ambapo hakuna anayekuja.

Nikampigia simu fundi aliyenijengea. Ni mtu wa Kigoma. Alikuja Nyamongo kuchimba dhahabu, shimo likamnyima, akabaki hapo hapo akichomelea mageti na kujengea watu. Alifika juu ya bodaboda iliyoshonewa mwavuli wa turubai kuanzia taa ya mbele hadi kiti cha nyuma, ina taa za buluu chini ya tangi na spika mbili mahali pa kuwekea miguu. Kichwani nilianza kuandika aya kuhusu gari la kesho, lakini yeye hakunipa nafasi.

"Profesa, si ulisema ukuta ni utumwa?"

"Mimi sio profesa. Na sikusema hivyo."

"Ulisema umesimama pale pale. Nikanyamaza, maana nyie Wakurya mtu akiwabishia mnaangalia panga liko wapi."

"Na nyie wa Kigoma mkinyamaza tunajua kuna mtu anarogwa."

Alicheka, akaingia ndani, akapima kwa macho. Alitaka ukuta upande hadi kwenye bati. Nikakataa. Ukipanda hadi juu utaukata ukanda wa kioo katikati, upande wa mama uwe giza. Nilimwambia auishie chini ya paa, aache nafasi, mwanga upite juu na kushuka pande zote mbili. Hilo ndilo wazo langu pekee lililobaki katika nyumba hii na nililitetea kama shamba la urithi.

"Sawa," alisema. "Lakini mama atakusikia unavyokoroma."

"Sikoromi."

"Mtu anayelala peke yake anajuaje?"

Aliujenga. Nilihamisha vitabu, nikapiga picha ya mwisho ya sakafu nzima, nikaifuta.

Mama hakuja kuuona. Aliwatuma wenzake, wanawake wa rika lake, waliokuja asubuhi wakiwa na fimbo zao, kanga na sauti. Hawakubisha hodi kwa sababu hawakuja kutembea, walikuja kukagua. Mmoja wao ana umri wa mama, lakini kwa ukoo anahesabika bibi yangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitania na ya kuingia mahali ambapo wengine hawaingii. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara.

Alianzia kwenye kiti changu. Ni kiti cha bomba moja la chuma lililopindwa, kimewambwa ngozi niliyoifuata hadi Issenye, hakina miguu ya nyuma. Unakaa kama umeshikiliwa na hewa. Nilikichora mwenyewe na ninakipenda.

"Mume wangu, hii miguu mingine imeibwa?"

"Hapana, bibi. Kimeundwa hivyo."

"Aliyekiunda yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Pole." Akawageukia wenzake. "Msikae hapa. Aliyeumia nyonga ni mmoja, anatosha."

Kisha akaja upande wangu wa ukuta, peke yake, akakitazama kitanda.

"Kikubwa hivi unalala na nani?"

"Na vitabu."

"Vina joto?"

"Havina, bibi."

"Basi oa. Au nunua blanketi." Halafu, bila kubadilisha sauti, alimpigia kelele mwenzake aliyekuwa upande wa pili: "Wewe! Unaniona?"

"Sikuoni!"

"Nyoosha fimbo!"

Ncha ya fimbo ilitokea juu ya ukuta, ikatikisika, ikashuka. Bibi aliitazama ile nafasi. Niliogopa. Angesema izibwe ningeiziba, na nyumba ingebaki na giza kama nyumba zote ambazo nimekuwa nikizisema vibaya.

"Macho hayapandi ukuta," aliamua. "Mwanga uachwe upite."

Lakini hawakuishia hapo. Mlango ulikuwa mmoja, na mama wa mtu hatoki asubuhi katika mlango wa mwanawe kama mgeni aliyelala. Atobolewe mlango wake, unaotazama zizi, ili awaone ng'ombe wakitoka. Na moto. Mwanamke asiye na moto wake ni mtu wa kufadhiliwa. Awe na mafiga yake. Nilisema kuna jiko la gesi. Walinitazama kama nilivyokuwa natazamwa na walinzi wa hoteli.

Fundi akarudi na mwavuli wake. Alitoboa mlango, akajenga jiko la kuni lenye bomba la moshi lililotokeza juu ya paa langu, jeusi na limenyooka, mahali nilipokuwa nimehakikisha hapatokezi kitu. Mtu akisimama barabarani sasa haoni tena zahanati wala kanisa. Anaona nyumba ya mama fulani, na kando yake kitu kingine cha kioo.

Mama alihamia siku iliyofuata baada ya sakafu ya jiko kukauka. Alibebewa vyungu vyake, kitanda chake, na kile kigoda chake cha miguu mitatu. Alisimama katikati ya chumba, akainua uso juu, kwenye kioo.

"Nakuona," aliniambia. "Umekonda."

Nilidhani nimefika. Ile picha ya mimi na kitabu na yeye na mahindi niliiweka sawa kichwani, nikaongeza ukuta, nikaona bado inafaa. Jioni ya kwanza nilivuta kiti changu hadi kwenye mlango wake, nikakaa karibu na moto. Alinivumilia hadi ugali ulipoiva.

"Baba, mwanamume mzima haketi jikoni. Nenda, utaletewa."

"Nilitaka tu tuzungumze."

"Tumezungumza. Nenda."

Na kwa sababu muuguzi alisema asilale peke yake, wajukuu wa kaka yangu, wanaoishi boma la jirani, walianza kuja kulala kwake kama ilivyo desturi. Wanalala wamebanana kama ndizi kwenye chane. Wenzake wanakuja kutwa. Sasa ana nyumba yenye mwanga, anawaonyesha jua sakafuni kama vile alilizaa yeye. Wakiuliza mwenye upande ule wa pili ni nani, nimemsikia kwa masikio yangu akijibu, "Jirani. Anaandika andika." Wanacheka hadi wanashika kuta.

Mama hayuko peke yake tena. Hicho ndicho kilichotakiwa, na hakuna anayeweza kusema sikukifanya. Mimi chakula changu huletwa kimefunikwa, kinawekwa mezani, naambiwa karibu chakula, na mlango unarudishiwa. Nakula chini ya mwanga mzuri kuliko wote katika wilaya nzima. Juu ya ukuta yanapita mazungumzo ya upande wa pili: nani amemwaga maziwa, ng'ombe yupi anachechemea, mtoto wa nani ameolewa Sirari. Wangeniuliza jambo ningelijibu, lakini hawaniulizi, kwa sababu heshima inawataka wajifanye kama ukuta umefika juu. Na mimi heshima inanitaka nijifanye sisikii.

Kulikuwa na siku moja tu iliyokuwa tofauti. Nilikwenda kumwamkia asubuhi kama kawaida, kwa kutoka mlango wangu, kuzunguka nyumba na kubisha mlango wake. Alinipa uji. Hakuniuliza kama nimelala vizuri.

"Umekohoa," alisema.

"Kidogo."

"Sio kidogo. Nimeamka nikakaa kitandani hadi ulipoacha. Kunywa maji ya moto na tangawizi, usikae na kichwa wazi."

Aliichukua tangawizi mwenyewe, akaiponda, akanisimamia hadi nikamaliza kikombe, akanigusa shingo kwa nyuma ya mkono wake, kama mtu anayepima kama chungu kimepoa. Sijui mara ya mwisho mtu aliponigusa shingo ilikuwa lini, na mimi ni mtu anayekumbuka hata majina ya wabunifu wa taa.

Kikohozi kile kilikuwa cha vumbi la saruji, kikaisha chenyewe siku hiyo hiyo. Siku hizi, kabla sijazima taa, nasimama karibu na ukuta na kukohoa hata hivyo.